Daktari wa Ng'ombe na Ndama Aliyekataa Kuamka

Daktari aliogopa jambo moja tu, na halikuwa chui wa mlimani, wala wezi wa mifugo, wala mke wake, ingawa huyo wa mwisho alistahili kuogopwa. Aliogopa kukisia. Alikuwa amewapandisha ng'ombe wa kijiji cha Kibirichia kwa sindano miaka mingi kiasi kwamba mtamba yeyote uliyemwona akila nyasi kando ya barabara huenda alikuwa kazi ya mkono wake. Mwenye mtamba akija kuuliza safari hii atumie mbegu ya fahali gani, kulikuwa na jibu moja sahihi na majibu mengine ya kumwoza binti kwa baba yake mzazi. Jibu sahihi lilikuwa ndani ya kompyuta. Kompyuta hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta nyingine. Hiyo nyingine ilikuwa ndani ya stoo ya viazi. Mimi niliingia kwenye habari hii kwa sababu ya kuuza RAM, zile kadi za memori ya kompyuta.

Nina kibanda cha vipuri vya kompyuta karibu na soko la Gakoromone, upande ule ambao harufu ya vitunguu inaishia na harufu ya risasi ya kuchomelea inaanza. Nauza vitu vilivyotoka kwa mashine za watu wengine, na swali ambalo wateja wengi huuliza ni bei. Daktari hakuuliza bei. Alichukua kipande cha RAM, akakigeuza, akaangalia meno yake ya shaba kama anayeangalia meno ya fahali mnadani, akasema:

"Hii ilitoka kwa mashine iliyokufa na ugonjwa gani?"

"Haikufa, mzee. Ilistaafu."

"Mimi pia nimestaafu," akasema. "Niangalie vizuri, halafu uniambie kama bei ni ileile."

Nilimwangalia. Koti lake lilikuwa na doa ambalo sikutaka kujua lilitoka wapi. Bei ilishuka yenyewe kabla sijaipa ruhusa.

Nataka kusema mapema kwamba kwa karatasi hakuwa daktari. Alikuwa na cheti cha afya ya mifugo na gamubuti. Lakini huku kwetu anayeingiza mkono ndani ya ng'ombe hadi begani na kuutoa na habari njema huitwa daktari, na wale wenye digrii hawajawahi kulalamika, kwa sababu saa hizo huwa ofisini.

Ile kompyuta ya stoo, yaani seva, ilikuwa kasha jeusi la chuma lenye diski nne, la kuhifadhi vitu vya nyumbani: picha za arusi, mahubiri ya mchungaji, na video za ng'ombe wakipasuliwa, ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuomba kuonyeshwa mara ya pili. Ndani ya kasha hilo Daktari alikuwa ameunda kompyuta ya pili isiyo na mwili, ile ambayo wenye vitabu huiita mashine pepe. Ukiifungua unaiona kwenye skrini, ina madirisha yake na saa yake, inajiona kompyuta kamili. Ukitafuta mwili wake huupati, kwa maana kila kitu imeazima kwa ile kubwa. Aliiunda kwa sababu ya programu moja ya zamani ya kuandika uzazi wa ng'ombe, aliyoachiwa kazini. Programu hiyo iliujua mfumo mmoja wa zamani tu, na hakuna kompyuta mpya iliyokubali kuubeba. Walioitengeneza walishafunga milango na kwenda zao.

Hayo maneno ya seva na mashine pepe hakuyatumia. Kasha kubwa aliliita Mama. Ile ya ndani aliiita Ndama. Kwa hivyo ujumbe aliokuwa akinitumia kwa simu ulisomeka, "Ndama hajaamka, Mama yuko sawa, njoo," na mke wangu aliusoma mara kadhaa kabla ya kuniuliza nimeanza lini biashara ya mifugo.

Stoo ya viazi aliichagua kwa hesabu. Kibirichia ni baridi, na stoo ni baridi kuliko Kibirichia, na mashine hupenda baridi. Hesabu hiyo ilikuwa na upande wa pili ambao hakuupiga. Mashine yenyewe hutoa joto. Mbegu za viazi zilizokuwa trei za karibu na kasha zikaanza kuchipua mapema kuliko za ukuta wa mbali, machipukizi mafupi, manene, ya kupendeza. Mke wake, ambaye mpaka siku hiyo aliiita seva "hiyo sanduku yako," akaanza kupanga trei zake kuizunguka kama watu wanaoota moto. Msimu uliofuata akaniita kando.

"Huko Gakoromone hakuna ingine kama hii," akauliza, "lakini yenye moto zaidi?"

Nilimwuzia ya pili. Haina diski hata moja. Inawaka tu.

Tatizo lilikuwa vumbi. Udongo wa viazi ukikauka unaingia kwenye feni, na Daktari aliusafisha kwa pampu ya baiskeli, akiinama na kupuliza kila tundu huku akiongea polepole. Nilimsikia mara moja akiambia feni, "Tulia, tulia, mama, namaliza."

Namna yake ya kutafuta ugonjwa wa mashine ilikuwa ileile ya ng'ombe aliyelala akakataa kusimama. Mimi ni mtu wa soko. Nikisikia mashine imekataa, mkono wangu unaenda kwenye begi. Siku ya kwanza kwake nilifika na RAM, diski na kebo, tayari kubadilisha kila kitu mpaka kitu kimoja kikubali.

"Umeleta dawa," akasema.

"Nimeleta, Daktari."

"Mgonjwa umemwona?"

"Bado."

"Basi keti."

Tukaketi juu ya magunia. Akaanza maswali yake, ambayo baadaye nilikuja kuyajua kama salamu. Stima inafika? Mama yuko macho? Diski zote zinahesabika? Ndama ana chakula cha kutosha? Anaangalia upande gani? Hilo la mwisho lilimaanisha: anapoamka, anatafuta mfumo wake wapi, kwenye diski ipi, kwanza ipi na pili ipi. Hakuruka swali. Hata kama ulimwonyesha kwa kidole kwamba taa inawaka, aliuliza stima inafika.

Siku hiyo ugonjwa ulikuwa chakula. Alikuwa ameandika kwamba Ndama apewe memori nyingi, kuliko hata ile iliyobaki kwa Mama baada ya Mama kujichukulia ya kuhifadhi mafaili. Mama akikataa kumwamsha, hakuwa mgonjwa. Alikuwa anajua hesabu. Daktari alipunguza sehemu ya Ndama, na Ndama akaamka. Nilirudi mjini na begi langu kama lilivyokuja, jambo ambalo kwa mfanyabiashara ni aina ya msiba.

Kila Jumatatu asubuhi Ndama alikataa kuamka. Sababu yake hutaipata kwenye kitabu chochote cha kompyuta. Daktari aliamini kwamba hakuna kitu cha nyumba yake kinachofanya kazi Jumapili. Jembe linalala, punda analala, kinu kinalala. Jumamosi jioni alikuwa akizima seva kwa heshima, na Jumatatu akiiwasha. Sasa, diski zile alikuwa amezifunga kwa neno la siri, ili mwizi akibeba kasha abebe chuma tu. Mama akiamka Jumatatu, jambo lake la kwanza lilikuwa kumwita Ndama. Ndama anainuka, anatafuta diski yake, anakuta imefungwa, anaanguka. Ndipo Daktari anakuja na chai mkononi, anaandika neno la siri kwa vidole viwili, diski zinafunguka, na Ndama tayari yuko chini.

Nilimwambia kuna mahali pa kubonyeza ili Mama asimwite Ndama mapema.

"Najua," akasema.

"Basi bonyeza, Daktari. Utapumzika."

"Ndama akiamka bila mimi, nitajuaje ameamka vizuri?"

Nilibeba swali hilo njia yote mpaka mjini. Lakini nilipata kitu kingine cha kuhesabu: mtu huyo aliyemlaza punda Jumapili alikuwa yeye mwenyewe akitoka kanisani katikati ya mahubiri, na suti yake, kwenda kumpandisha ng'ombe wa mtu. Mchungaji alishazoea. Akisikia simu ikitetemeka kwenye benchi la tatu alikuwa anasitisha, anangoja mlango ufungwe, anaendelea. Nilipomwuliza Daktari kwa nini yeye hapumziki na mashine inapumzika, alinijibu kwamba ng'ombe hajui Jumapili lakini mashine imefundishwa.

Mambo kama hayo yalikuwa mengi kwake. Hakuamini kuweka rekodi zake mtandaoni, kwenye hayo wanayoita mawingu. "Wingu hilo limesimama juu ya shamba la nani?" aliuliza, na ukikosa jina la mwenye shamba mazungumzo yameisha. Ilhali ufunguo wa nyumba yake ulining'inia kwenye msumari nje ya mlango, na kijiji kizima kiliujua msumari huo kwa jina. Alihubiri kuhusu nakala za akiba kuliko mchungaji kuhusu zaka. Nakala moja ya Ndama ilikaa ghalani, nyingine kwa mchungaji mwenyewe, kwenye diski iliyofungwa kwa kitambaa. Hakuna aliyewahi kuijaribu. Nilipoijaribu mimi, nilikuta ya mchungaji ina mahubiri ya mchungaji. Daktari alikuwa amemrudishia mwenyewe mahubiri yake, na yule akayatunza kwa uangalifu bila kujua.

Aliwahi kukisia mara moja. Hakunieleza yeye, mke wake ndiye aliyenieleza, akipanga trei. Zamani, kabla ya Mama na Ndama, alimpandisha mtamba wa jirani kwa kukumbuka kichwani. Ndama wa kweli aliyezaliwa alikuwa na magoti yanayoangaliana, akaishi wiki chache. Mwenye ng'ombe hakumlaumu, hata alimletea ndizi. Mke wake alisema ndizi zile zilioza mezani, kwa sababu Daktari hakutaka kuzila na hakutaka zitolewe.

Basi ukitaka kumwona akikasirika, ambalo lilikuwa jambo la nadra, ungemwambia, "Si useme tu unavyofikiri." Mume wa binti yake, anayefanya kazi ya ofisi Embu, alimwambia hivyo mara moja, na mara hiyohiyo karibu amwue Ndama. Daktari alikuwa ameacha diski ya kusimika mfumo ikiwa imechomekwa kwa Ndama, ile ambayo si chuma bali faili tu. Kwa hivyo kila akiamka, Ndama aliangalia upande huo kwanza, na skrini ikauliza kwa adabu kama tungependa kusimika mfumo upya. Kusimika upya ni kufuta kila kitu.

"Mzee, si ubonyeze tu *endelea*," mkwe akasema, kidole kimeshatangulia. "Hizi vitu huwa zinajipanga zenyewe. Unawaza sana, buda."

Daktari alishika kidole kile. Hakukiminya. Alikishika tu, kama anavyoshikwa mtoto karibu na jiko.

"Ukimkuta ng'ombe ameangalia ukuta," akamwuliza, "utamchinja ama utamgeuza?"

"Nitamgeuza."

"Basi mgeuze."

Mkwe aliitoa ile diski ya kusimika, Ndama akaangalia upande wake, akaamka. Tangu hapo mkwe alikuwa akiingia stoo na mikono mifukoni.

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko zote. Nilikuwa nimempelekea diski mpya, na asubuhi ilikuwa bado mbichi. Mlangoni pa stoo alisimama Mama Kawira, jirani yake, mjane mwenye ng'ombe mmoja na mtamba mmoja, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimpeleka Kawira shule. Mtamba huyo alikuwa amelia tangu alfajiri na kuwapanda mbuzi. Kwa watu wa ng'ombe maana yake iko wazi: anataka fahali, na joto hilo likionekana asubuhi, sindano ipigwe jioni ya siku hiyo. Ukichelewa unangoja wiki tatu, na wiki tatu za kungoja ni wiki tatu za maziwa ambayo mwishowe hayatakuja. Kadi ya mtamba, ile ya karatasi inayopigiliwa kwenye zizi, ilikuwa imeliwa na mbuzi mmoja wa wale.

Na Ndama hakuamka. Siku iliyotangulia Daktari alikuwa amemsasisha Mama hadi mfumo mpya. Mama alitoka salama, lakini maelezo ya Ndama hayakuvuka naye. Ilibaki diski tu. Jioni hiyo Daktari alimtengenezea ganda jipya, akaiweka diski ileile ndani, na kila fomu ilipopendekeza kitu akakikubali. Sasa skrini ilikuwa nyeusi, na herufi za manjano, na mstari mmoja ukipepesa ukingoja kuambiwa kitu.

"Daktari," Mama Kawira akasema, "si ukumbuke tu? Ni wewe ulimpandisha mama yake."

"Nakumbuka."

"Basi?"

"Nakumbuka fahali wawili."

Mama Kawira akaniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye fahali wa pili.

Nikafungua begi. Nilikuwa na diski mpya, safi, na nilikuwa nimeibeba kutoka mjini. "Labda ni diski," nikasema.

"Keti," akasema Daktari.

Tukaketi wote, Mama Kawira juu ya gunia la mbolea. Stima inafika? Inafika. Mama yuko macho? Yuko. Diski zinahesabika? Zote nne, nilizihesabu tena na zilikuwa nne. Chakula anacho? Anacho. Anaangalia upande gani? Hapo Daktari akasogea kwenye skrini, akafungua maelezo ya ganda jipya, na kusoma mstari mmoja mmoja kwa kidole. Akasimama kwenye mstari unaoeleza namna ya kuamka. Mashine zina namna mbili za kuamka, ya zamani na ya kisasa, na fomu ilikuwa imependekeza ya kisasa.

"Ndama huyu ni mzee, na ameitwa kwa lugha ya vijana," akasema. "Anasikia kelele tu."

Akabadilisha kuwa ya zamani. Akawasha. Nembo ya mfumo ikatokea, Mama Kawira akainuka kwenye gunia, na kabla hajanyooka skrini ikawa bluu, maandishi meupe yakamiminika, Ndama akaanguka na kujiwasha tena. Bluu. Tena.

"Hiyo bluu ni nzuri?" Mama Kawira akauliza.

"Si nzuri. Lakini amefungua macho."

Mtamba alilia ng'ambo ya ua. Daktari hakugeuka. Alikuwa akisoma mistari ya diski, na safari hii alinisomea kwa sauti, maana nauza vitu hivyo na nilitakiwa kujua kitu. Diski ya Ndama ilikuwa imeunganishwa kwa njia mpya, ya kasi, ambayo mfumo wa zamani haujawahi kufundishwa. Kumaanisha kwamba Ndama aliamka vizuri, akanyoosha mkono kuchukua diski yake, na mkono ukapita hewani. Nilimwambia kuna njia ya zamani ya kuunganisha, iko kwenye orodha ileile, chini. Akaichagua. Akaandika, akahifadhi, akasoma alichohifadhi. Kisha akawasha, akaondoa mikono yote miwili kwenye kibodi na kuiweka magotini, kama anavyofanya mbele ya ng'ombe anayejaribu kusimama peke yake.

Ndama aliamka. Ule wimbo mdogo ambao mfumo wa zamani hupiga ukiamka ukasikika kwenye stoo ya viazi. Daktari akafungua programu, akaandika jina la Mama Kawira, akasoma. Baba wa mtamba alikuwa fahali anayeitwa Kamishna. Basi jioni hiyo mtamba akapewa mbegu ya fahali mwingine, na kazi ikaisha.

Wakati Mama Kawira anaondoka aligeuka mlangoni. "Na wale wawili uliokumbuka? Kamishna alikuwa ni nani kati yao?"

"Kamishna hakuwa kati yao," akasema Daktari.

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini baada ya mama yule kwenda alibaki ameketi juu ya gunia, na nilipoanza kufunga begi aliniambia nisubiri kidogo, bila kusema nasubiri nini.

Baadaye ng'ombe wa mtu alimpiga teke la nyonga, na binti yake, Kendi, akaja na gari na kumchukua Embu, mtaa wa Dallas, kwenye nyumba yenye vigae na choo cha ndani. Mke wake alikataa kwenda. Alisema viazi havina binti Embu. Daktari alimbeba Mama kwenye lori la viazi, amefungwa kwa blanketi mbili, na wafugaji wa Kibirichia wakaendelea kumpigia simu, kwa sababu daktari mpya aliyechukua kazi alikuwa na sindano lakini hakuwa na miaka ile yote.

Kendi ndiye aliyenipigia. Alisema seva ina shida na baba hataki mtu mwingine aishike. Nilifika Embu Jumamosi mchana. Kendi alinifungulia mlango mwenyewe, akausogeza nyuma yake bila kuufunga.

"Kabla hujaingia," akasema kwa sauti ya chini. "Siku hizi anauliza kitu kimoja mara mbili."

"Hata mimi huhesabu mara mbili."

"Si hivyo," akasema Kendi. "Wewe unajua umeshahesabu."

Seva ilikuwa chini ya ngazi, kati ya viatu. Daktari alikuwa kwenye kiti cha plastiki mbele yake, sweta imefungwa vifungo vyote. Alinisalimu vizuri. Alisema Mama Kawira amepiga simu, kuna mtamba, na Ndama amekataa. Nikaketi chini bila kuambiwa, na begi sikulifungua.

"Stima inafika?"

"Inafika, Daktari."

"Mama yuko macho?"

"Yuko."

"Diski zinahesabika?"

"Zote nne."

"Chakula?"

"Anacho."

"Diski zinahesabika?"

Nilihesabu. "Zote nne."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Anaangalia upande gani, akauliza, na Ndama alikuwa akiangalia upande ufaao. Basi nikamsomea maneno ya Mama yenyewe, yale mekundu ambayo watu huyafunga bila kusoma. Mama alisema Ndama anataka kupita kwenye mlango fulani wa mtandao, na mlango huo haupo. Nikachungulia nyuma ya kasha. Kadi ya mtandao iliyokuwa hapo tangu Kibirichia ilikuwa imevunjika safarini, na mtu alikuwa ameichomoa na kuchomeka kebo kwenye tundu jingine. Mama alipata mtandao bila shida. Ndama alikuwa bado anataja mlango wa zamani kwa jina, na Mama hawezi kumpitisha mahali pasipokuwepo, kwa hivyo hakumwamsha kabisa.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia la kufanya. Daktari aliinua kiganja.

"Amefungwa na kamba ya boma la zamani," akasema. Akasogeza kiti. Akafungua maelezo ya Ndama, akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa mtandao, akachagua mlango uliopo, akahifadhi, akasoma alichohifadhi. Mikono magotini. Ndama aliamka.

Akampigia Mama Kawira. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ya siku zote. Alimsomea baba wa mtamba, na babu yake kwa upande wa mama, akasema daktari mpya asitumie fahali yule wala yule, atumie huyu, na kabla ya jua kuzama. Akamwuliza habari za Kawira, kwa sababu jina la Kawira lilikuwa pale juu ya ukurasa. Mama Kawira alikuwa akicheka upande wa pili, nilimsikia. Daktari akaaga, akaweka simu juu ya kasha.

"Mama huyu namjua?" akaniuliza.

"Mnajuana sana, Daktari."

"Nilimpa jibu sahihi?"

"Sahihi."

"Nilikisia?"

"Hapana. Ulisoma."

"Vizuri," akasema.

Kendi akaleta chai na bakuli la sukari, akarudi jikoni. Daktari akachukua kijiko, akakishika juu ya kikombe changu. Nimekunywa chai ya mtu huyo kwa miaka, na hajawahi kuniuliza.

"Unaweka sukari?" akasema.

"Viwili, Daktari."

Akaweka viwili. Akanikabidhi kikombe, akaniangalia kwa muda mrefu zaidi ya kawaida, kama alivyoziangalia RAM zangu.

"Wewe ungekuwa ng'ombe," akasema, "ningekuwa na wewe hapa."

Akageukia skrini na kufungua ukurasa mpya. Akaniuliza jina langu, nikalitaja, akaliandika kwa vidole viwili mahali pa jina la mnyama. Mahali pa kijiji akaandika Meru mjini. Programu ile haikubali mnyama asiye na baba, inagoma kuhifadhi. Daktari akafungua orodha ya mafahali, akaishuka polepole, akasimama kwa Jersey mmoja.

"Jersey ni wadogo," akasema, akinipima kimo kwa macho, "lakini maziwa yao ni mazito."

"Hakuna ubishi, Daktari."

Mahali pa maoni aliandika: *Anauza RAM. Sukari viwili. Mwaminifu kiasi.* Nilitaka kujadili hilo neno la mwisho, na kwa kawaida ningelipandisha mpaka tukubaliane. Nikaliacha.

Akahifadhi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuhitaji kufanya. Alimzima Ndama taratibu, akangoja skrini iwe nyeusi kabisa, akamwamsha upya. Tulikaa chini ya ngazi, mikono yake magotini, na yangu pia nikaiweka magotini, tukisubiri ule wimbo mdogo. Ulipolia alifungua programu na kuandika jina langu, herufi moja moja, akiliangalia kwenye karatasi ya risiti niliyompa, yenye jina langu juu.

Nilikuwemo.